Mbwa Wako Anakojoa Damu Tena? Tazama Bakuli Lake na Banda Lake

Mbwa ni mlinzi. Halipwi mshahara wala hana likizo. Usiku wewe umelala, yeye yuko macho. Mwizi akija, yeye ndiye wa kwanza kujua. Shambani hufukuza ngedere na nguruwe mwitu. Mlinzi huyu akiugua, nyumba, zizi na shamba hubaki wazi.

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa mmoja unaowasumbua mbwa. Ni ugonjwa wa njia ya mkojo. Mbwa hukojoa kidogo kidogo mara nyingi, na mara nyingine mkojo huwa na damu. Mwenye mbwa hununua dawa. Mbwa hupona. Baada ya mwezi mmoja au miwili ugonjwa unarudi. Dawa inanunuliwa tena, na ugonjwa unarudi tena. Fedha inakwisha na mbwa anadhoofika.

Kwa nini ugonjwa unarudi? Soma makala hii mpaka mwisho. Utaona kwamba dawa peke yake haitoshi. Ni lazima pia kutazama bakuli la mbwa na banda lake.

KWA NINI TUNAANZIA KARIAKOO

Labda utauliza, "Hili ni gazeti la vijijini. Habari za Kariakoo zinatuhusu nini?"

Zinatuhusu sana. Mchele wetu, vitunguu vyetu na ndizi zetu huishia Kariakoo, Dar es Salaam. Vijana wetu wengi wako huko. Wengine ni wachuuzi, wengine ni wapagazi, wengine ni walinzi. Hata jina la Kariakoo limetokana na wapagazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Kikosi hicho kilikuwa na kambi mahali hapo. Watu wakalitamka jina hilo kwa Kiswahili, likawa Kariakoo.

Mpaka leo Kariakoo ni mahali pa mizigo. Penye mizigo pana maghala, na penye maghala huhitajika walinzi na mbwa. Ukipita Kariakoo na Gerezani usiku, utasikia mbwa wakibweka ndani ya nyua zenye kuta ndefu.

Mbwa wa namna hii anaishi maisha tofauti na mbwa wa kijijini. Mbwa wa kijijini huzunguka. Hukojoa anapotaka, na hunywa maji mtoni au kwenye birika la ng'ombe. Mbwa wa ghala hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku. Hunywa maji akipewa na hula anacholetewa. Kwa hiyo makosa ya utunzaji huonekana kwake upesi.

Siku hizi hata vijijini mambo yanabadilika. Mbwa wengi hufungwa mnyororo dukani, kwenye mashine ya kusaga au kwenye banda la kuku. Yanayompata mbwa wa Kariakoo yanaweza kumpata na wako.

MKOJO UNAPITA WAPI

Kwanza tuujue mwili wa mbwa. Unafanana na wetu kwa jambo hili.

Mbwa ana figo mbili. Figo ni kama chujio. Huchuja damu na kutoa uchafu pamoja na maji. Maji hayo ndiyo mkojo. Mkojo hushuka kwenye kibofu. Kibofu ni kama kiriba. Kikijaa, mbwa hukojoa, na mkojo hupita katika mrija mmoja mpaka nje.

Vijidudu huingia kwa kupanda kutoka nje. Vijidudu hivi ni vidogo sana, havionekani kwa macho. Vingi hutoka katika kinyesi cha mbwa mwenyewe. Hupanda kwenye mrija mpaka kwenye kibofu na kuzaana humo. Kibofu huvimba na kuuma. Visipozuiwa huweza kupanda mpaka kwenye figo. Figo zikiharibika, mbwa anaweza kufa.

Mbwa jike huugua zaidi kuliko dume. Mrija wake ni mfupi na mpana, kwa hiyo vijidudu havina safari ndefu. Mrija wa dume ni mrefu na mwembamba. Dume akiugua ugonjwa huu, mara nyingi kuna jambo jingine nyuma yake, kama vile mawe ya kibofu au ugonjwa wa tezi dume.

Kumbuka kwamba mkojo ni kama maji ya kusuuzia bomba. Mbwa akinywa maji mengi na kukojoa mara nyingi, mkojo husukuma vijidudu nje. Akinywa kidogo na kuzuia mkojo kwa muda mrefu, vijidudu hupata nafasi ya kuzaana.

DALILI ZA UGONJWA

Mtazame mbwa wako anapokojoa. Ukiona dalili hizi, ujue kuna tatizo:

1. Anachuchumaa mara nyingi na kutoa matone machache.
2. Anajikamua au kulia anapokojoa.
3. Mkojo una damu, au una rangi ya chai ya rangi.
4. Mkojo una ukungu, au unanuka vibaya kuliko kawaida.
5. Anajilamba sana sehemu za siri.
6. Anakojoa anapolala, wakati zamani hakufanya hivyo.

Iko dalili moja ya hatari kubwa. Mbwa anajikamua na mkojo hautoki kabisa. Huenda jiwe limeziba mrija. Hii hutokea zaidi kwa dume. Usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mkojo ukizibwa, sumu hujaa mwilini, na mbwa anaweza kufa katika siku chache.

TUCHUKUE MFANO

Tuchukue mfano wa mbwa jike anayeitwa Popi. Analinda ghala la nafaka. Kijana mlinzi anamwona anakojoa damu. Anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge vichache na kumpa siku mbili. Damu inakoma. Vidonge vilivyobaki anaviweka kwa siku nyingine.

Baada ya wiki 5 damu inarudi. Kijana anampa vile vidonge vilivyobaki. Mara hii damu haikomi. Sasa anampeleka Popi kwa mzee mmoja daktari wa mifugo.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, kijana wangu. Mbwa ana nini?"

"Anakojoa damu, mzee. Nimempa dawa mara mbili. Ugonjwa unarudi tu."

"Pole. Je, anakunywa maji gani?"

"Namwekea kopo la maji jioni, nikija zamu."

"Na mchana?"

"Mchana amefungiwa, mzee. Sijui kama wanampa."

"Anakula nini?"

"Makombo ya mama ntilie. Wali, mchuzi, na dagaa wa chumvi."

"Anatoka bandani mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja, mzee. Saa moja jioni mpaka alfajiri."

Mzee akatikisa kichwa. "Kijana wangu, dawa umetoa. Lakini kila kilichomwuguza umekiacha palepale."

Mfano huu ni wa kufundishia tu. Lakini maswali ya mzee huyu ndiyo maswali unayopaswa kujiuliza. Anakunywa nini? Anakula nini? Anatoka mara ngapi? Dawa alipewa na nani, na aliimaliza?

Wataalamu wa mifugo wana kipimo chao. Husema ugonjwa unarudi iwapo mbwa ameugua mara 3 au zaidi katika miezi 12, au mara 2 au zaidi katika miezi 6. Mbwa wako akifika hapo, acha kununua dawa kwa kubahatisha. Tafuta sababu.

MAJI NI JAMBO LA KWANZA

Mbwa wa kilo 20 anahitaji maji kama lita 1 kwa siku. Joto la pwani likizidi, anahitaji zaidi. Mbwa mwenye watoto wanaonyonya anahitaji zaidi tena. Kopo moja la jioni halimtoshi.

Fanya hivi:

Weka maji mahali ambapo mbwa atayafikia mchana na usiku. Kama amefungwa, hakikisha mnyororo unafika.

Tumia chombo kizito, kama karai au chungu, ili asikipindue. Mbwa wengi hushinda na kiu kwa sababu chombo kimepinduka asubuhi na hakuna aliyetazama.

Weka chombo kivulini. Maji yaliyochemka kwa jua hayapendi.

Osha chombo na kubadilisha maji kila siku. Usiongeze maji mapya juu ya maji machafu.

Onja maji ya kisima kabla ya kumpa. Baadhi ya visima vya Dar es Salaam na vya pwani vina maji ya chumvi. Maji ambayo wewe huwezi kuyanywa, usimpe mbwa.

Wako watu ambao kwa mila au dini yao hawapendi kumgusa mbwa. Hilo si kizuizi. Kumjazia maji kwenye karai hakukulazimu kumgusa.

CHAKULA: UKWELI NA UONGO

Watu husema mengi juu ya chakula na mkojo wa mbwa. Tutenganishe ukweli na uongo.

Ukweli wa kwanza ni huu. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu, na hakuna chakula kinachoviua. Ukimbadilishia chakula tu bila matibabu, hatapona. Lakini chakula kinaweza kumsaidia au kumdhuru. Chakula chenye majimaji humwongezea maji mwilini. Chakula kikavu chenye chumvi, bila maji ya kutosha, humdhuru. Mbwa aliyekonda kwa njaa hana nguvu za kupigana na ugonjwa. Mbwa aliyenenepa kupita kiasi huwa na mikunjo ya ngozi sehemu za siri, na uchafu hukaa humo.

Sasa tutazame vyakula vinavyopatikana Kariakoo na kwingineko.

Dagaa. Dagaa ni chakula kizuri cha mbwa. Lakini dagaa si wa namna moja. Dagaa wa Mwanza na Kigoma hukaushwa juani, na wengi hawatiwi chumvi. Dagaa wengi wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Onja dagaa mmoja. Akiwa na chumvi, waloweke, umwage maji, kisha uwachemshe kwa maji mapya. Waoshe vizuri ili kutoa mchanga.

Papa na ng'onda. Hawa ni samaki waliokaushwa kwa chumvi nyingi. Usimpe mbwa.

Makombo ya mama ntilie. Wali mtupu na ugali mtupu havina ubaya. Lakini mchuzi na pilau vina chumvi na vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, kwa sababu huharibu damu yake. Akiharibika damu, mkojo wake unaweza kuwa mwekundu au wa kahawia. Wewe utadhani ni ugonjwa wa kibofu, kumbe ni vitunguu.

Ugali mtupu kila siku. Unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Mbwa anahitaji nyama, samaki au mayai.

Magadi. Wengine hupika mboga na maharage kwa magadi, kisha humpa mbwa mabaki. Usifanye hivyo. Magadi huongeza chumvi mwilini. Tena hufanya mkojo uwe wa namna ambayo mawe hujijenga kwa urahisi.

Ndimu na siki. Wengine humnywesha mbwa ndimu au siki wakidhani zitaosha kibofu. Haziponyi, na zinaweza kumwumiza tumbo.

Madafu na maji ya nywele za mahindi. Hivi pia haviui vijidudu. Maji safi yanatosha.

NAMNA YA KUPIKA CHAKULA CHA MBWA

Si lazima ununue chakula cha mifuko kutoka nje. Unaweza kupika nyumbani kwa bei nafuu. Pika namna hii:

Chukua sehemu 2 za ugali laini au wali. Weka sehemu 1 ya nyama au samaki. Nyama si lazima iwe ya ghali. Utumbo uliooshwa vizuri, mapafu au dagaa wasio na chumvi vinafaa. Ongeza mboga kidogo, kama mchicha, karoti au boga. Tia kijiko kimoja cha mafuta ya kula. Usitie chumvi. Usitie vitunguu wala pilipili. Chemsha mpaka viive. Kabla ya kumpa, ongeza maji kidogo mpaka chakula kiwe kama uji mzito. Acha kipoe.

Yale maji ya kuongeza ndiyo muhimu kwa kibofu. Mbwa mvivu wa kunywa atayapata ndani ya chakula.

Mpe mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni. Chakula alichobakiza kiondoe. Kikilala huchacha, na tena huita panya.

MAWE YA KIBOFU

Wakati mwingine ugonjwa unarudi kwa sababu kuna mawe ndani ya kibofu. Mawe haya hujijenga kutokana na chumvichumvi za mkojo. Vijidudu hujificha ndani yake. Dawa huua vilivyo nje, lakini vilivyo ndani ya jiwe hubaki. Dawa ikikoma, hutoka na kuzaana tena.

Mawe ni ya aina nyingi. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzisha mwaka 1981 kituo cha kuchunguza mawe ya mkojo ya wanyama. Madaktari hutuma mawe huko ili yajulikane ni ya aina gani. Aina mbili huonekana zaidi kwa mbwa. Aina ya kwanza, kwa mbwa, huletwa mara nyingi na vijidudu vyenyewe. Mawe hayo yanaweza kuyeyuka kwa chakula maalumu cha daktari pamoja na dawa. Aina ya pili haiyeyuki. Ni lazima yatolewe, mara nyingi kwa upasuaji.

Wewe huwezi kujua aina ya jiwe kwa macho. Kwa hiyo usibuni chakula cha kuyeyusha mawe. Daktari atapima mkojo, na akiweza atapiga picha ya tumbo.

Mfugaji wa mbuzi asishangae. Hata beberu anayelishwa pumba na nafaka nyingi bila maji na majani ya kutosha hupata mawe na kuzibwa mkojo.

BANDA NA KUTOKA NJE

Mbwa mwenye afya hapendi kukojoa anapolala. Ukimfungia saa 12, atazuia mkojo saa 12. Mkojo uliokaa ni shamba la vijidudu.

Mtoe mbwa angalau mara 3 au 4 kwa siku. Dakika chache zinatosha. Mtoe asubuhi, mchana, jioni, na kabla hujalala. Katika ghala, walinzi wa mchana na wa usiku wagawane kazi hiyo. Mwenye ghala aiandike kazi hiyo katika zamu, kama alivyoandika kufunga malango.

Banda liwe safi na kavu. Sakafu iteremke kidogo ili mkojo utiririke nje. Ondoa kinyesi kila siku. Mbwa jike anayelala juu ya kinyesi hupata vijidudu kwa urahisi.

Ujue pia kwamba haya si hisani tu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sheria hiyo inamtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese.

DAWA: USIBAHATISHE

Ziko dawa za kuua vijidudu vya mkojo, nazo hufanya kazi vizuri zikitumiwa sawasawa. Tatizo ni matumizi mabaya.

Ukitoa dawa kidogo, au ukiikatisha kabla ya siku alizosema daktari, huenda vijidudu vyote visife. Vile vigumu hubaki na kuzaana, na dawa hiyo haiviwezi tena. Hali hii huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Usugu huu ni hatari hata kwetu sisi watu, kwa kuwa vijidudu sugu vinaweza kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu.

Fuata mashauri haya:

1. Pima kwanza. Mbwa aliyerudiwa na ugonjwa apimwe mkojo maabara. Vijidudu huoteshwa, kisha hujaribiwa dawa moja moja ili ijulikane ipi inaviua.

2. Jua mahali pa kupima. Wakala wa Maabara ya Veterinari una maabara yake Temeke, Dar es Salaam. Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachofundisha madaktari wa mifugo. Ukiwa kijijini, anza kwa afisa mifugo wa kata. Yeye atakuelekeza.

3. Ukiagizwa kupeleka mkojo, funga kikombe safi kwenye fimbo ndefu. Mbwa akianza kukojoa, kinga mkojo wa katikati. Uwahishe. Kwa kuotesha vijidudu, daktari mara nyingi huuchukua mwenyewe kwa sindano, ili usichanganyike na uchafu wa nje.

4. Maliza dozi, hata kama damu imekoma siku ya pili.

5. Usimpe mbwa mmoja dawa iliyobaki ya mwingine.

6. Usimpe dawa za maumivu za watu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo. Parasetamoli pia inaweza kumdhuru.

Utasema, "Kupima ni ghali." Ni kweli kupima kunahitaji fedha. Lakini piga hesabu. Andika kwenye daftari fedha ya dawa uliyonunua mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ongeza nauli. Kisha linganisha na gharama ya kipimo kimoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAGONJWA YANAYOFANANA NA HUU

Si kila damu ni ya kibofu. Angalia haya:

Uvimbe wa sehemu za siri. Mbwa wanaozurura huambukizana uvimbe wakati wa kupandana. Huwa kama kipande cha nyama chenye vijivimbe, na hudondosha damu hata mbwa asipokojoa. Unatibika kwa sindano za daktari.

Usaha katika mfuko wa uzazi. Humpata jike asiyefungwa uzazi, wiki chache baada ya kuwa kwenye joto. Hunywa maji mengi, hukataa chakula, na huweza kutoa usaha. Ugonjwa huu unaua. Mpeleke upesi. Kumfunga uzazi mapema humkinga.

Kisukari. Mbwa hula sana na kunywa sana, lakini anakonda. Sisimizi hujaa kwenye mkojo wake. Mkojo wenye sukari hulisha vijidudu, kwa hiyo ugonjwa wa mkojo hurudi kila mara.

MKOJO WA MBWA NA AFYA YAKO

Mnamo Julai 2022, wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, ilipata ugonjwa ulioshtua wengi. Watu waliugua homa na kutoka damu puani. Baadhi yao walifariki. Serikali ilipima na kutangaza kwamba ulikuwa homa ya mgunda.

Homa ya mgunda huletwa na kijidudu kinachotoka katika mkojo wa wanyama. Panya hukisambaza sana. Mbwa, ng'ombe na nguruwe nao huweza kukibeba. Mtu hukipata mkojo huo unapogusa mchubuko, macho au mdomo, au anapotumia maji yaliyochafuka.

Kwa hiyo usishike mkojo wa mbwa kwa mikono mitupu. Vaa glavu na viatu unapoosha banda. Nawa kwa sabuni. Weka unga na dagaa wa mbwa katika debe lenye kifuniko, panya wasifike. Penye ghala la nafaka pana panya, na panya akikojoa kwenye bakuli la mbwa, mbwa huugua. Ukipata homa baada ya kumwuguza mbwa, mweleze daktari wako kwamba unafuga mbwa. Usimfiche.

KWA KUMALIZA

Ndugu msomaji, mbwa hana kinywa cha kusema, "Bakuli langu ni kavu." Wewe ndiye wa kuona. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani au kazini, fanya mambo matatu. Jaza karai lake maji safi. Mfungue akakojoe. Utazame mkojo wake. Ukiona damu, nenda kwa mtaalamu, umweleze yote: maji, chakula, banda na dawa ulizokwisha kutoa.

Na kama una kijana wako analinda ghala Kariakoo, mpelekee gazeti hili ukilimaliza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mbwa jike huugua njia ya mkojo zaidi kuliko dume?
2. Utajuaje kama dagaa ulionunua wana chumvi? Utafanya nini?
3. Kijana wa mfano wetu alikosea wapi alipotoa dawa?
4. Mbwa dume anajikamua na mkojo hautoki. Utangoja siku ngapi?
5. Katika kijiji chenu, ni nani anayewapa maji mbwa wanaofungwa mchana?